Mwaka Niliokata Nguo Usingizini

Binti yake alinipigia simu saa moja asubuhi, nikiwa nafungua makufuli ya duka langu pale Lizaboni. Hakuzungusha maneno. "Shikamoo shangazi Somoe. Baba ametutoka, baada tu ya sala ya alfajiri. Ameacha neno kwamba sanda yake ukate wewe. Njoo na mkasi wako." Nikasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, nikakaa kwenye kiti cha wateja, kufuli bado liko mkononi. Wanafunzi wangu watatu walikuwa wameshafika, wakawa wananitazama. Niliwaambia Fundi Athumani amefariki, yule aliyenifundisha mimi ninayewafundisha wao, na kwamba leo hatufanyi kazi. Kisha nikautoa mkasi kwenye droo, nikaufunga ndani ya khanga, nikaondoka kwa miguu. Mmoja wao alitaka kuniitia bodaboda, nikakataa. Kutoka pale hadi nyumbani kwa Fundi, Majengo, kwa pikipiki ni dakika chache tu, na mimi nilihitaji zaidi ya hizo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoingia dukani kwake mara ya kwanza. Kilikuwa chumba kimoja chenye baraza, nyuma ya soko, na ndani mlikuwa na cherehani mbili za miguu, meza ndefu ya kukatia, pazia la maua kwenye kona ambako wateja walijaribia nguo, na pasi ya mkaa iliyofuka tangu asubuhi hadi jioni. Harufu ya chumba kile ndiyo inayonijia kwanza kila ninapokumbuka: mkaa, mafuta ya cherehani, na kitambaa kilichonyunyiziwa maji kikipigwa pasi. Fundi mwenyewe alikuwa mtu mwembamba wa makamo, chaki imekaa sikioni, mwenye utani na kila mtu ila si na kazi. Tulikuwa wanafunzi wawili, mimi na Hilda, msichana wa Kingoni kutoka upande wa Peramiho, Mkatoliki, mcheshi, ambaye mkono wake ulinyooka tangu wiki ya kwanza. Wangu haukunyooka, kwa sababu mimi ni mashoto. Nyumbani walinizoeza kula na kupokea kwa mkono wa kulia kama Mwislamu yeyote, lakini kazi nyingine zote, kulima, kufagia, kumenya muhogo, nilizifanya kwa kushoto na hakuna aliyejali. Mkasi ulijali. Ukiushika kwa kushoto mkasi uliotengenezewa kulia, makali yanaachana, kitambaa kinaingia katikati na kutafunwa. "Mkasi una mkono wake, Somoe," Fundi aliniambia. "Kushoto kwako kutashika kitambaa, kulia kutakata. Sijaona mkasi wa mashoto tangu nizaliwe, na hapa Songea hutauona wewe."

Ilikuwa ile miaka ya foleni. Walioiishi wanajua ninachosema, na wasioishi wachukue tu kwamba siku zile kitambaa hakikununuliwa, kilipatikana. Mtu alipata mita tatu mahali, hakusema wapi, akazileta kwa Fundi zimefichwa ndani ya kikapu chini ya mchicha. Kwa hiyo hapakuwa na kitambaa cha kujifunzia hata cha ukubwa wa kiganja. Tulijifunza kukata kwa karatasi za mifuko ya saruji, na karatasi ni mwalimu mwongo. Karatasi inakaa ulipoiweka. Kitambaa kinateleza, kinajivuta, ukigeuza macho kimeshahama kwenye mstari wa chaki. Hilda alivuka kutoka karatasi hadi kitambaa bila shida. Mimi Fundi alinipa nafasi mara mbili tu, mara zote kwenye bitana, ambayo haionekani nguo ikishashonwa, na mara zote mbili ukingo ukatoka umejaa meno. Mara ya pili hakunigombeza. Aliikunja ile bitana taratibu, akasema, "Tuna Ramadhani mbele yetu, halafu Idd. Ikifika Idd mkono wako haujanyooka, nitakusindikiza mwenyewe stendi. Si kwa ubaya, mwanangu. Ufundi mwingine haumtaki mtu."

Stendi maana yake ilikuwa basi la Tunduru, na basi la Tunduru maana yake ilikuwa kijijini kwetu Namasakata, jembe na mikorosho. Sidharau mikorosho, imewalisha watu wengi nikiwemo mimi. Lakini nilikuwa nimeshaona koti likitoka kwenye kitambaa kilicholala mezani, nikalitamani jambo lile kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote. Nilikuwa naishi kwa Mama Mkubwa, pale Majengo, nyumba ya vyumba viwili ambayo ukuta wake wa kati haukufika juu, hivyo maneno ya chumba kimoja yalivuka hadi kingine. Jioni tulikula ugali na dagaa wa Nyasa, siku nyingine likolo la majani ya maboga lililoungwa karanga, na baada ya chakula jirani yetu Mama Rukia alikuja kuzungumza. Mimi nilikuwa nimejilaza upande wa pili, nikisikia kila kitu. "Na huyu mtoto ufundi wake umefikia wapi?" Mama Rukia aliuliza siku moja. Mama Mkubwa akashusha pumzi. "Umefikia kwenye karatasi. Fundi amempa mpaka Idd. Na mimi nasema tatizo ni usingizi. Akishasali alfajiri anarudi kulala. Usingizi wa alfajiri unafukuza riziki, nimemwambia mpaka nimechoka." Mama Rukia akaitikia kwamba riziki ikikuta mlango umefungwa inakwenda kwa jirani, wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka, ila nilijua pia kwamba sitauacha ule usingizi, kwa sababu ndimo nilimokuwa nakata.

Ilianza bila kukusudia. Baridi ya Songea ya mwezi wa sita unaijua ukiwa umeiamkia. Nilisali, nikarudi chini ya blanketi, nikawa niko dukani. Meza ilikuwa pale, kitambaa cha buluu kimetandikwa, pasi inafuka moshi mbele yangu. Nikavuta pumzi na sikusikia harufu yoyote. Wala ya mkaa, wala ya mafuta, hakuna. Nikajiambia kwa utulivu kabisa, hii ni ndoto. Kwa kawaida mtu akishajua hivyo anaamka, lakini mimi sikuamka. Nilibaki nimesimama pale na duka lote likiwa langu, Fundi hayupo, Hilda hayupo, na kitambaa kingi kuliko nilivyowahi kuona kwa macho. Nikautwaa mkasi kwa mkono wa kulia, nikakata. Nilikata vibaya vilevile kama nikiwa macho, lakini kitambaa hakikuisha, na hakuna aliyekunja uso. Mama Mkubwa aliponiamsha, kidole gumba kilikuwa kimechoka.

Tangu siku hiyo nikawa naitafuta ndoto hiyo kama mtu anavyotafuta njia aliyopita jana. Kabla ya kulala nilijiambia, nikifika dukani nitanusa. Siku nyingine sikufika, nikaota mambo yangu ya kawaida ya mbwa na kuchelewa shule. Lakini mara mbili au tatu kwa wiki nilifika, nikanusa, nikajua, nikafanya kazi. Ndotoni hakuna haraka wala hasara, na hapo ndipo nilipoyaona mambo ambayo Fundi alikuwa akiyasema kila siku nami sikuyasikia. Kwamba ubapa wa chini wa mkasi unalala mezani, hauelei. Kwamba usiufumbe mpaka ncha, uache kidogo, usogee mbele ndipo ufumbe tena. Kwamba kitambaa hakizungushwi, mkataji ndiye anayezunguka meza. Nilikata mgongo wa koti mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, sikuzote kwa kipimo kimoja, ile karatasi iliyoning'inia msumarini ya koti la kijana wa seminari. Nikija dukani kweli, nikishika mkasi na karatasi ya saruji, mkono wa kulia ulikuwa unajua kitu ambacho jana haukukijua. Mjukuu wangu anaona kwenye simu yake watu wa mbali wakifundishana mambo haya, anasema yana hata jina. Labda. Labda pia zile karatasi ndizo zilizonifundisha, na ndoto ilinipa moyo tu. Mimi nasema nilivyoona. Nilimwambia Hilda peke yake, naye alikata uzi kwa meno, akasema, "Basi niotee na mimi. Unishonee gauni la Krismasi hukohuko, mimi nitakuja kulichukua."

Ramadhani ikaingia na baridi yake, na ikaingia na kazi, maana watu wote wanataka kuvaa kipya Idd hata mwaka wa foleni. Tulifuturu uji, magimbi na mihogo, tukaamka kula daku, tukasali, tukalala kidogo, tukakimbilia dukani. Hilda hakuwa akifunga, lakini kwa heshima alikula viazi vyake nyuma ya lile pazia la maua, akijitahidi kutafuna bila sauti. Wiki ya tatu nilishikwa na mafua. Pua ziliziba kabisa, kichwa kizito, macho yanatoka maji, na usingizi unanifuata mchana kama deni. Siku hiyo, baada ya adhuhuri, Fundi alikuwa bado msikitini. Mezani alikuwa ametandika kitambaa cha kijivu alichokwisha kukipiga pasi, akakiacha kipoe. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, nimeegemeza kichwa ukutani. Nilifumba macho, nikafumbua. Pasi ilikuwa inafuka moshi mbele yangu. Nikavuta pumzi. Hakuna harufu.

Nilifurahi, na hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Nilifurahi kwamba nimeipata ndoto hata mchana. Nikainuka, nikatungua ile karatasi ya koti la seminari, nikailaza juu ya kitambaa cha kijivu, nikachukua mkasi kwa mkono wa kulia. Sikuogopa hata kidogo, kwa nini niogope? Ubapa wa chini ulilala mezani, nikaacha ncha, nikasogea, nikazunguka meza. Mgongo, upande wa kulia, upande wa kushoto, mduara wa kwapa ambao hata Hilda aliuogopa. Nilikuwa nimeanza mkono wa kwanza pazia lilipofunguka, Hilda akatoka shavu limejaa kiazi. "Somoe," alisema. "Hicho si cha Mzee Haule?" Ndotoni Hilda hakuwahi kuja hata siku moja. Nikamtazama, nikatazama mkasi, nikaufinya mkono wangu, nao ukauma.

Fundi aliporudi alitukuta tumesimama, Hilda upande huu wa meza na mimi upande ule. Mzee Haule alikuwa mtu wa mwili, mabega mapana, dereva mstaafu, naye alikileta kitambaa kile kwa koti la kuvaa harusi ya bintiye kanisani. Vilivyokuwa mezani vingemtosha kijana wa miaka kumi na mitano. Fundi hakupiga kelele. Alichukua kipande cha mgongo, akapitisha kidole gumba ukingoni, polepole, kutoka kwapani hadi chini, kisha akarudia. "Ulikata kwa mkono gani?" akauliza. Nikasema wa kulia. "Na ulikuwa unafikiri nini?" Nikamwambia ukweli wote, alfajiri, harufu, mafua, huku nalia na pua zenyewe zimeziba, aibu tupu. Hilda akasema, "Ni kweli, Fundi, aliniambia zamani." Fundi alipitisha kidole ukingoni mara ya tatu. Halafu akakunja vile vipande, akavifunga kwenye gazeti, akasema, "Vaa viatu. Utakwenda kumwambia mwenyewe."

Tulimkuta Mzee Haule uani kwake, Mfaranyaki, anapukuchua mahindi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akamwita mjukuu alete togwa, kisha akajigonga paji la uso. "Aa, samahanini, nyinyi mmefunga." Fundi alinitazama ili niseme mimi, nami nikasema. Sijui nilisemaje. Mzee alifungua gazeti, akaviweka vipande magotini kimoja kimoja. Vilikuwa vinanuka dawa ya kuzuia nondo, sikuisikia, aliniambia yeye. "Kimekaa sandukuni miaka tisa," alisema. "Alikinunua mama watoto. Alisema nitakivaa siku Anjela akiolewa, na yeye atakaa pembeni yangu. Hakufika." Akageuza kipande kimoja. "Sitasema haijaniuma, binti. Imeniuma." Fundi akamweleza kwamba kwa vile vipande na mabaki, mbele angeweza kupata kizibao kizuri, mgongo ukawekwa bitana, na harusini angekivaa juu ya shati jeupe. Mzee Haule aliendelea kukishika kitambaa. "Ulikuwa unaota nini hasa?" akaniuliza. Nikasema nilikuwa naota nakata vizuri. Akacheka ghafla, kicheko kilichogeuka katikati, akajifuta macho kwa kiganja. "Basi umekata vizuri," akasema, akamrudishia Fundi gazeti lake.

Njiani Fundi alitembea mbele, mikono nyuma. Nilikuwa najiandaa kuaga. Tulipofika karibu na soko akasimama, akasema bila kugeuka, "Mkono umeshajifunza. Mwenye mkono bado." Halafu akageuka. "Kuanzia leo, kabla ya kukata, utataja jina la mwenye kitambaa. Kwa sauti, nisikie. Hiki cha fulani. Huko kwenye ndoto zako vitambaa havina wenyewe, ndiyo maana vinakatika kirahisi. Ukitaja jina likaja, jua uko macho, na jua unamkata nani." Nikamuuliza kama nitapelekwa stendi. Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kipumbavu, akasema kuna mashati kumi na manne ya Idd na yeye ana mikono miwili tu. Usiku ule Mama Rukia alipouliza habari za riziki yangu, Mama Mkubwa alisema, "Imeingia dirishani," na hakuna aliyeeleza zaidi. Harusi ilipofika, mimi na Hilda tulisimama nje ya kanisa kuona. Mzee Haule alitoka amemshika bintiye mkono, kizibao kimemkaa sawasawa kifuani, na alipotuona alikigonga kwa vidole viwili. Ndoto za dukani ziliendelea mpaka mwisho wa mwaka, zikipungua, kisha zikaacha. Sikuzitafuta tena. Lakini kutaja jina sikuacha, na miaka mingi baadaye Fundi alipoacha kazi akanipa ule mkasi, nikautia makali, nikawafundishia wengine. Wanafunzi wangu wanataja kila siku, hiki cha Mwalimu Komba, hiki cha Mama Asha, na wanadhani ndivyo mafundi wote wanavyofanya.

Nilipofika msibani uani palikuwa pamejaa, wanaume barazani, wanawake jikoni na chini ya turubai. Hilda alikuwa ameshafika, nywele nyeupe sasa, kitenge kimefungwa kichwani, akanikumbatia. Watoto wa Fundi walimuuliza shehe kama inafaa mwanamke akate, akasema kuosha ni kwa wanaume, lakini kukata ni mkono tu, na wasia wa mtu uheshimiwe. Walitutandikia mkeka chumbani, wakaleta bafta, nyeupe, bado imekunjwa. Hilda alishika ncha ile, mimi nikashika hii, tukainyoosha kama tulivyokuwa tukinyoosha vitambaa vya watu. Nikapiga magoti, nikaweka ubapa wa chini wa mkasi mkekani. Halafu nikakwama.

Naomba nisieleweke vibaya, sikuwa na wazimu. Ila nilitamani, kwa moyo wangu wote, kwamba niwe naota. Nikavuta pumzi. Kulikuwa na udi, na kafuri kwenye sahani, na moshi wa kuni kutoka jikoni, vyote vikaingia wazi puani. Bado nikabakiza tumaini moja. Nikajiambia, labda jina halitakuja. Hilda upande wa pili alikuwa ananitazama, akijua ninachosubiri. Akatikisa kichwa kunihimiza.

"Hii ya Athumani Saidi," nikasema kwa sauti, kama alivyotaka asikie.

Jina lilikuja lote. Nikafumba mkasi, nikaacha ncha, nikasogea, nikakata hadi mwisho, na ukingo haukuwa na jino hata moja.